Nani Hulipia Roketi Nchi Ikiwa Vitani?

Sekta ya anga za juu ya taifa ina nguzo nne: viwanda vinavyounda roketi na setilaiti, ofisi za wahandisi wanaozisanifu, vituo vya ardhini vinavyowasiliana na vyombo vilivyo juu, na watu waliosomea kazi hiyo kwa miaka mingi. Nguzo zote nne hula fedha kila siku, hata mwaka ambao hakuna roketi inayorushwa. Mashine hutaka kutunzwa, mishahara hutaka kulipwa, na injini moja hujaribiwa mara nyingi kabla ya kuaminiwa. Roketi mpya inaweza kuchukua miaka kumi tangu mchoro wa kwanza hadi siku ya kuruka.

Vita havina subira hiyo. Vinadai vitu vya leo: risasi, mafuta, dawa, chakula cha askari. Hazina iliyo vitani hupima kila senti kwa swali moja, kama itaokoa maisha wiki hii au la. Kwa kipimo hicho roketi ya mwaka ujao huonekana ni anasa. Lakini vita vya sasa vinategemea anga za juu kwa mawasiliano, kwa picha za mienendo ya adui na kwa kuongoza silaha. Nchi inayoacha sekta hiyo ife hupoteza macho na masikio yake. Mfano ulio wazi zaidi wa mvutano huu ni Ukraine, taifa lililorithi moja ya sekta kubwa za roketi duniani na ambalo tangu Februari 2022 limekuwa likijitetea dhidi ya uvamizi wa Urusi.

Mafunzo ya vita vilivyotangulia

Roketi kubwa ya kwanza ya kisasa ilizaliwa vitani. V-2 ya Ujerumani iligharimiwa kwa fedha za jeshi katika kituo cha Peenemünde, pwani ya Bahari ya Baltiki, chini ya mhandisi Wernher von Braun. Kuanzia Septemba 1944 zilirushwa zaidi ya 3,000, nyingi zikilenga London na Antwerp. Vitabu vya hesabu havionyeshi gharama yake yote. Roketi hizo ziliundwa ndani ya mahandaki na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, ambako watu wapatao 20,000 walikufa kwa njaa, maradhi, kazi na mateso. Pale ambapo hazina haikuwa na wafanyakazi wa kuwalipa, serikali ya Hitler ililipia roketi kwa uhai wa watu. Silaha hiyo haikuuzuia ushindi wa maadui wa Ujerumani, na baada ya vita ujuzi wake uligawanywa kati ya Marekani na Umoja wa Kisovyeti.

Mfano wa pili ni wa nchi tajiri iliyopigana mbali na kwao. Mwaka 1966 bajeti ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilifikia kilele chake, takriban asilimia 4.4 ya matumizi yote ya serikali kuu. Mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini uliajiri watu wapatao 400,000 viwandani na vyuoni. Katika miaka hiyohiyo vita vya Vietnam vilikuwa vikikua. Askari wa Marekani waliokuwa huko walikuwa chini ya 25,000 mwanzoni mwa 1965, na kufikia 1968 walizidi 500,000. Bunge lilianza kukata. Mwaka 1968 uamuzi ulifikiwa wa kutoendelea kuunda roketi ya Saturn V zaidi ya zile 15 zilizokwisha kuagizwa, na hapo hakuna binadamu aliyekuwa amekanyaga mwezi. Neil Armstrong aliposhuka mwezini Julai 1969, viwanda vilivyomfikisha vilikuwa tayari vinapunguza watu. Mwaka 1970 safari za Apollo 18, 19 na 20 zilifutwa. Vita havikuwa sababu pekee, lakini vilikuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Mifano hiyo miwili inaonyesha njia mbili ambazo dola hufuata mara nyingi. Ama sekta hugeuzwa yote kuwa silaha, ama hukatwa ili kulipia silaha nyingine. Ukraine imelazimika kutafuta njia ya tatu.

Kiwanda cha Dnipro na mlipaji wake wa kwanza

Moyo wa sekta ya Ukraine uko Dnipro, mji wa viwanda ulio kando ya mto wenye jina hilohilo. Mwaka 1944 kilianzishwa hapo kiwanda cha magari. Mwaka 1951 serikali ya Kisovyeti ilikiamuru kianze kutengeneza makombora, na mwaka 1954 ikaundwa kando yake ofisi ya usanifu chini ya Mikhail Yangel. Kiwanda hicho ndicho Pivdenmash, na ofisi hiyo ndiyo Pivdenne. Kutoka hapo yalitoka makombora ya R-12, aina iliyopelekwa Cuba mwaka 1962, na R-36 mazito yaliyoweza kuvuka mabara. Zilitoka pia roketi za kubebea setilaiti, Tsyklon na Zenit. Mbele ya macho ya watu kiwanda kilijulikana kwa matrekta yake, na mji wenyewe ulifungwa kwa wageni hadi 1987.

Wakati huo swali la fedha halikuwepo. Mlipaji alikuwa Moscow, na mteja alikuwa mmoja tu, jeshi la Kisovyeti. Kiwanda hakikujua bei ya soko wala hakikutafuta soko. Kiliajiri makumi ya maelfu ya watu, kikawajengea nyumba na kuwasomeshea watoto. Uzito wake katika nchi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mkurugenzi wake tangu 1986, Leonid Kuchma, alikuja kuwa rais wa Ukraine kuanzia 1994 hadi 2005.

Kuuza nje ili kuishi

Ukraine ilipopata uhuru mwaka 1991, mlipaji aliondoka na kiwanda kikabaki. Shirika la taifa la anga za juu liliundwa mwaka 1992, lakini uchumi ulikuwa umeporomoka na bajeti yake ilikuwa ndogo. Kwa Mkataba wa Budapest wa 1994 nchi ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki katika ardhi yake, nazo zilikuwa za tatu kwa wingi duniani. Kiwanda kilichoishi kwa kuunda makombora ya kubeba silaha hizo kilibidi kitafute kazi nyingine.

Kazi hiyo ilipatikana ng'ambo. Makombora ya R-36M yaliyostaafishwa yaligeuzwa kuwa roketi ya Dnepr, iliyorushwa mara 22 kati ya 1999 na 2015 na kupeleka angani setilaiti za nchi nyingi. Roketi ya Zenit iliingia katika kampuni ya Sea Launch, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ubia wa Boeing ya Marekani, Energia ya Urusi, Kvaerner ya Norway na Waukraine wa Dnipro. Kampuni hiyo ilirusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa lililoelea katikati ya Bahari ya Pasifiki, juu kabisa ya ikweta. Ikweta ndipo mzunguko wa dunia unapokwenda kwa kasi kubwa zaidi, takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoondoka hapo huipata kasi hiyo bila kuilipia mafuta. Faida hiyohiyo ndiyo iliyoileta Italia katika pwani ya Malindi nchini Kenya miaka ya 1960, ilipoweka jukwaa lake la San Marco.

Wateja wengine walifuata. Ulaya ilinunua kutoka Dnipro injini ya hatua ya juu ya roketi ya Vega, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2012. Marekani ilinunua kiunzi cha hatua ya kwanza ya roketi ya Antares, ambayo tangu 2013 ilipeleka mizigo kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu. Hivyo mishahara ya mafundi wa Dnipro ilitoka kwa sehemu kubwa katika mifuko ya wageni.

Mpango huo ulikuwa na udhaifu mkubwa. Injini za hatua ya kwanza ya Zenit zilitoka Urusi. Dnepr ilitegemea makombora na vituo vilivyokuwa chini ya Urusi. Ukraine yenyewe haikuwa na mahali pa kurushia, kwa kuwa vituo vyote vya zamani vilibaki Urusi na Kazakhstan. Nchi ilikuwa na ujuzi wa kuunda roketi, lakini ufunguo wa mlango ulikuwa mkononi mwa jirani.

Mwaka 2014 jirani aliufunga mlango

Urusi ilipoitwaa Crimea mwaka 2014 na vita kuanza mashariki mwa nchi, Ukraine ilipoteza kituo cha Yevpatoria chenye antena ya kipenyo cha mita 70, mojawapo ya kubwa kabisa barani Ulaya. Biashara ya roketi na Urusi ilivunjika. Sea Launch ilirusha mara ya mwisho Mei 2014, na Dnepr ikasimama mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 2015 Brazil ilijitoa katika mkataba wa 2003 wa kurusha roketi ya Tsyklon-4 kutoka Alcântara, mradi uliokuwa umekula fedha nyingi za pande zote mbili.

Pigo lilionekana kwenye meza za chakula za wafanyakazi. Pivdenmash ilikaa miezi bila kulipa mishahara, na wafanyakazi walipewa likizo zisizo na malipo. Waliobaki walikuwa maelfu machache tu, wengi wao watu wa makamo. Setilaiti pekee ya kuchunguza ardhi ambayo nchi ilikuwa nayo, Sich-2, iliyorushwa mwaka 2011, ilinyamaza Desemba 2012, na kwa miaka tisa haikupatikana nyingine ya kushika nafasi yake. Hatua moja muhimu ilichukuliwa mwaka 2019, pale sheria iliporuhusu kampuni binafsi kufanya kazi za anga za juu, ambazo hadi hapo zilikuwa mali ya serikali peke yake.

Setilaiti mpya, Sich-2-30, ilirushwa Januari 13, 2022 kutoka Florida, ndani ya roketi ya Falcon 9 iliyobeba setilaiti nyingi ndogo za wateja mbalimbali. Usafiri wa pamoja wa namna hiyo hupunguza nauli, na ndio uliotumiwa na Kenya kurusha Taifa-1 Aprili 2023. Kamera ya Sich-2-30 iliundwa kuona vitu vya ukubwa wa karibu mita 8. Kamera ya namna hiyo inafaa kupima mashamba na misitu, lakini haiwezi kutofautisha kifaru na lori. Siku 42 baada ya setilaiti hiyo kurushwa, Urusi ilivamia.

Siku ya kwanza ya uvamizi

Alfajiri ya Februari 24, 2022, kabla vifaru havijafika mbali, mashambulizi ya kompyuta yaliharibu maelfu ya modemu zilizounganishwa na setilaiti ya KA-SAT, ambayo jeshi na taasisi za Ukraine zilikuwa zikiitumia kwa mawasiliano. Athari zake zilivuka mipaka: nchini Ujerumani mitambo 5,800 ya umeme wa upepo ilipoteza mawasiliano na waendeshaji wake. Katika siku hizohizo ndege kubwa kuliko zote duniani, An-225, iliyoundwa miaka ya 1980 kubeba chombo cha anga za juu cha Buran, iliteketezwa katika uwanja wa Hostomel karibu na Kyiv.

Kiwanda cha Dnipro kiliwekwa miongoni mwa shabaha. Kilipigwa kwa makombora Julai 2022 na watu wakauawa. Novemba 21, 2024 kilishambuliwa tena, safari hii kwa kombora jipya la masafa ya kati ambalo Urusi inaliita Oreshnik. Sekta iliyohitaji fedha za kukua sasa ilihitaji fedha za kukarabati, kuhamisha mashine na kutawanya kazi.

Mifuko minne

Tangu hapo fedha za anga za juu za Ukraine zimetoka katika mifuko minne, na kila mmoja una masharti yake.

Wa kwanza ni hazina ya taifa. Mwaka 2023 na 2024 matumizi ya kijeshi ya Ukraine yalikuwa zaidi ya theluthi moja ya pato lote la taifa, mzigo mkubwa kuliko wa nchi nyingine yoyote. Kodi za ndani huenda kwanza kwenye ulinzi. Pensheni, mishahara ya walimu na hospitali hutegemea misaada na mikopo ya nje, ambayo katika miaka hiyo sehemu yake kubwa haikuruhusiwa kununua silaha. Roketi iko katikati ya mambo hayo mawili. Ikiitwa sayansi, inasubiri nyuma ya hospitali. Ikiitwa silaha, fedha nyingi za wafadhili hazikuweza kuigusa. Matokeo yake ni kwamba fedha za hazina huifikia sekta hasa kupitia mlango wa ulinzi. Wahandisi wa roketi wamerudi kwenye makombora, na Agosti 2024 Rais Volodymyr Zelensky alitangaza kwamba nchi imejaribu kwa mafanikio kombora lake la kwanza la balistiki lililoundwa nyumbani.

Wa pili ni mfuko wa washirika. Siku mbili baada ya uvamizi, Waziri Mykhailo Fedorov alimwomba hadharani Elon Musk, mmiliki wa SpaceX, afungue huduma ya intaneti ya Starlink nchini humo. Huduma ilifunguliwa na vifaa vya kupokelea vikaanza kuwasili. Kufikia Aprili 2022 shirika la misaada la Marekani, kwa kushirikiana na kampuni hiyo, lilikuwa limepeleka vifaa 5,000. Poland ilinunua vifaa vipatavyo 20,000 na kulipia ada zake, gharama inayofikia takriban dola milioni 50 kwa mwaka, na Juni 2023 wizara ya ulinzi ya Marekani iliingia mkataba wake. Hospitali, reli, shule na vikosi vya mstari wa mbele vilibaki hewani hata umeme na minara ya simu ilipoangushwa.

Wa tatu ni mfuko wa wananchi, na ni nadra kuupata wa kufanana nao katika historia ya anga za juu. Juni 2022 taasisi ya hisani ya mtangazaji Serhiy Prytula ilianzisha mchango wa kununua ndege zisizo na rubani aina ya Bayraktar. Kwa siku tatu zilikusanywa milioni 600 za hryvnia, fedha ya Ukraine. Wauguzi, wanafunzi, wastaafu na Waukraine walio ughaibuni walitoa walichokuwa nacho. Kwa lugha ya Wakenya, ilikuwa harambee ya taifa zima. Kampuni ya Uturuki iliyoombwa ndege hizo ilitoa tatu bure, hivyo fedha zikabaki. Agosti mwaka huo zilitumiwa kupata haki ya kutumia setilaiti ya rada ya kampuni ya ICEYE ya Finland. Rada hutuma mawimbi na kupokea mwangwi wake, kwa hiyo huona usiku na kupitia mawingu, jambo lenye thamani kubwa katika nchi ambayo majira yake ya baridi hujaa mawingu. Setilaiti hiyo watu waliiita ya wananchi, na walikuwa na haki.

Wa nne ni mfuko wa wateja wa nje. Huu umepungua sana. Antares iliyotumia kiunzi cha Dnipro iliruka mara ya mwisho Agosti 2023, na Wamarekani wameamua hatua ya kwanza ya toleo jipya iundwe kwao. Injini za Dnipro zimeendelea kuhitajika katika Vega C ya Ulaya. Lakini mteja hununua uhakika pamoja na bidhaa, na kiwanda kinacholengwa na makombora hakiwezi kuahidi tarehe.

Gharama ya kuazima

Kwa hesabu ya haraka, kukodi setilaiti za wengine ni nafuu kuliko kuunda zako. Ukraine ilipata kwa wiki chache mawasiliano na picha ambazo yenyewe isingezijenga kwa miaka kumi. Ila nguo ya kuazima haisitiri matako, na hilo lilidhihirika mapema. Oktoba 2022 Musk alisema kampuni yake haiwezi kuendelea kuibeba gharama hiyo bila kikomo, kisha akageuza kauli. Machi 2025, mvutano ulipozuka kati ya Washington na Kyiv, Marekani ilisimamisha kwa muda kubadilishana taarifa za kijasusi na pia ikafunga njia ambayo Ukraine ilipatia picha za setilaiti za kampuni ya Maxar. Huduma ilirudishwa baada ya siku chache, lakini kwa siku hizo jeshi lililokuwa vitani liliona kwamba macho yake yanaweza kufumbwa kwa uamuzi wa mji ulio ng'ambo ya bahari.

Gharama ya pili ni ya watu, na haimo katika bajeti yoyote. Ujuzi wa kuchomea tangi la roketi hauandikwi wote vitabuni. Fundi mzee humwonyesha kijana kwa mkono, mwaka baada ya mwaka. Vita hukata mnyororo huo. Vijana huandikishwa jeshini, familia huhamia Poland au Ujerumani, na wahandisi bora huajiriwa na kampuni za nje. Serikali imeweka utaratibu wa kuwabakiza kazini wafanyakazi wa viwanda muhimu bila kuwapeleka vitani, na huo nao ni ufadhili, kwa kuwa kila fundi anayebaki kiwandani ni askari mmoja pungufu mstari wa mbele.

Hukumu ya mfano huu

Mambo matatu yanajitokeza wazi. Kwanza, sekta ya anga za juu haijengwi vitani. Vita hutumia kilichojengwa wakati wa amani. Ukraine imeweza kurudi kwenye makombora kwa sababu kazi ya kizazi cha Yangel haikupotea yote, na ilibaki bila setilaiti zake za kutosha kwa sababu miaka ya amani baada ya 1991 haikuzilipia. Pili, mfuko mmoja hautoshi: Moscow ilipoondoka kiwanda kiliyumba, soko la Urusi lilipofungwa kiliyumba tena, na mshirika alipokasirika picha zilikatika. Tatu, fedha inapokuwa haba, ya kwanza kulindwa ni ile inayomweka fundi kazini. Mashine iliyoungua inaweza kununuliwa nyingine, ila fundi aliyeondoka na miaka thelathini ya ujuzi harudi kwa zabuni.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa taifa linalotaka kujitegemea angani, akiba hiyo ni watu waliofunzwa, na wakati wa kuiweka ni kabla king'ora hakijalia.